Maisha ya Allidina Visram, Muuza Duka Aliyewasimamisha Wageni

Bismillahir Rahmanir Rahim.



Tumezoea katika kurasa hizi kueleza maisha ya masahaba na ya maulamaa waliotutangulia. Mara hii tumeona yafaa tueleze maisha ya mtu ambaye hakuwa mwanachuoni wala mtawala. Alikuwa muuza duka. Jina lake ni Allidina Visram, na jina hilo wengi walijua kwa sababu ya shule iliyoko Mombasa, lakini ni wachache wajuao alifanya nini.

Sababu ya kumchagua yeye ni jambo tulionalo kila Ijumaa. Baada ya sala husimama mgeni mlangoni mwa msikiti. Pengine ni Msomali aliyekimbia vita, pengine ni Mhabeshi au Mkongo, na pengine ni Mkenya mwenzetu aliyetolewa kwao Bonde la Ufa katika fujo za mwaka 2007 na 2008 akaja kutafuta hifadhi huku kwetu mlimani. Twatia mkono mfukoni, twampa kilichopo, kisha twaenda zetu. Ijumaa ya pili twamkuta pale pale. Mwaka wapita, naye bado yu pale, na sisi twaanza kunung'unika kuwa wageni ni wavivu. Basi tutazame mtu aliyepokea wageni kwa mamia, na baada ya muda wengi wao wakawa na maduka yao wenyewe.

Twatanguliza neno moja ili asitokee wa kutuuliza baadaye. Allidina Visram alikuwa Khoja katika madhehebu ya Ismailia, na sisi tuna tofauti nao katika mambo ya itikadi ambazo hapa si mahali pake. Lakini hekima ni mali iliyompotea Muumini, popote aionapo yeye ndiye mwenye haki nayo. Twachukua lililo jema katika kazi yake, na lililo na kasoro pia tutalitaja.

KUZALIWA KWAKE NA KUJA KWAKE

Allidina Visram alizaliwa mwaka 1851 katika mji wa Kera, nchi ya Kutch, upande wa magharibi wa Bara Hindi. Kutch ni nchi kavu. Mvua zake hazina ahadi, na mara kwa mara huingia njaa inayowatoa watu majumbani mwao. Upande wake mmoja ni jangwa la chumvi na upande mwingine ni bahari, na kwa ajili hiyo tangu zamani watu wa Kutch wamekuwa mabaharia na wafanya biashara, wakija na pepo za kaskazi mpaka Lamu, Mombasa, Unguja na Bagamoyo.

Mwaka 1863, naye ni mtoto wa miaka 12, alipanda jahazi akaja pwani ya Afrika ya Mashariki. Hakuwa na mali. Yafaa msomaji asimame hapa kidogo afikiri: mtoto wa umri wa darasa la sita, hajui lugha, hana mzazi karibu naye, ameshuka katika mji asioujua. Lau angekutana na watu wa kumpa sadaka tu, huenda angekufa akiwa mwombaji wa Bagamoyo, na leo kusingekuwa na mtu wa kumtaja.

MWAJIRI WAKE SEWA HAJI

Aliyemwajiri ni Sewa Haji Paroo, tajiri wa Bagamoyo. Sewa Haji alikuwa akitengeneza misafara ya kwenda bara: akiajiri wapagazi kwa maelfu, akiwapa nguo, shanga na waya za shaba, na misafara hiyo ikirudi na pembe za ndovu. Wazungu waliotaka kwenda bara nao walipita kwake kutafuta wapagazi. Alikuwa pia mtu wa kheri. Alitoa mali yake kwa hospitali ya Dar es Salaam iliyoitwa kwa jina lake, ambayo ndiyo asili ya Hospitali ya Muhimbili ya leo, na alitoa jengo la shule Bagamoyo kwa ajili ya watoto wa kila kabila.

Kwa Sewa Haji kijana Allidina hakupewa fedha akaambiwa aende zake. Alipewa kazi. Katika kazi ile alijifunza Kiswahili, alijifunza mizani na daftari, alijifunza nguo gani yapendwa na watu gani, na njia ipi ina maji na ipi haina. Baada ya miaka akaanza kupeleka misafara yake mwenyewe, akafungua maduka Dar es Salaam, Saadani, Tabora na Ujiji. Mwaka 1897 Sewa Haji alipofariki, Allidina alikuwa amekwisha kuwa mtu mzima mwenye uzoefu wa miaka zaidi ya 30, na biashara ya misafara ile ikawa mikononi mwake.

Hii ndiyo khabari ya kwanza ya kuzingatia. Mtu aliyekuja kuwasimamisha wengine alikuwa yeye mwenyewe amesimamishwa. Hakusahau alivyoshuka jahazini.

RELI NA MADUKA

Mwaka 1896 Waingereza walianza kujenga reli kutoka Mombasa. Ilifika Nairobi mwaka 1899 na Kisumu mwisho wa mwaka 1901. Kwa kazi hiyo waliletwa kutoka Bara Hindi wafanya kazi wa mkataba kama 32,000. Kiasi cha 2,500 walikufa kwa maradhi, ajali na wanyama wakali. Wengi walirudi kwao mkataba ulipokwisha, na wapatao 6,700 wakabaki.

Allidina aliona mapema kuwa misafara ya miguu itakufa na reli ndiyo itakayobeba mali. Akaifuata reli kadiri ilivyosonga mbele, akifungua duka baada ya duka, akiwauzia wajenzi unga, mchele, dengu na samli. Reli ilipofika ziwani, yeye alikuwa amekwisha kutangulia Uganda, ana duka Kampala. Katika miaka michache tu maduka yake yalizidi 30, yakienea Kenya, Uganda, upande wa Wadachi na mpaka Kongo. Mahali ambapo hapakuwa na benki, maafisa wa serikali walikuja kwake kutafuta fedha za kulipa mishahara. Watu wakafika kusema kwamba Uganda ina mfalme mwingine asiyevaa taji.

Naye hakukaa na kuuza nguo tu. Pamba ilipoanza kulimwa Uganda katika miaka ya 1903 na 1904 aliinunua kwa wakulima na akaweka mitambo ya kuichambua. Alikuwa na viwanda vya soda, vya mafuta na vya sabuni. Alikuwa na karakana za samani. Alikuwa na majahazi katika ziwa. Alikuwa na mashamba. Na huku kwetu Nyeri alikuwa na kiwanda cha kupasua mbao, wakati mji wenyewe ulikuwa bado mchanga, kwani ngome ya Waingereza iliyouanzisha ilijengwa mwisho wa mwaka 1902. Misitu ya mtarakwa na podo iliyokuwa ikishuka kutoka mlimani ilikuwa mali kubwa, na miji mipya ilihitaji mbao kwa kila paa na kila mlango.

JINSI ALIVYOWASIMAMISHA WAGENI

Sasa twafika katika jambo lenyewe. Mwaka 1899 na 1900 njaa kubwa sana iliingia Gujarat na Kutch. Watu waliondoka kwa wingi kutafuta riziki, na wengine walielekea pwani yetu. Hawa hawakuitwa wakimbizi kwa jina la siku hizi, lakini mwenye kukimbia njaa na mwenye kukimbia upanga wote wameacha nyumba nyuma yao. Basi Allidina alikuwa na njia yake ya kuwatia watu wa namna hii katika kazi, na njia hiyo ina daraja nne.

Daraja ya kwanza ni mapokezi. Kijana aliyeshuka Mombasa alikuta mahali pa kulala, chakula, na mtu wa kusema naye kwa lugha yake. Hakulala njiani wala hakuanguka mikononi mwa walaghai wanaowangoja wageni bandarini.

Daraja ya pili ni kazi ya kujifunza. Alipelekwa katika duka mojawapo akawa msaidizi. Akipanga mali, akipima chumvi, akiandika daftari, akijifunza Kiswahili na lugha ya watu wa mahali pale. Ujira wake ulikuwa mdogo, lakini alikula na kulala pale pale dukani, na kila siku ilimpa elimu ambayo hakuna shule iliyokuwa ikiifundisha.

Daraja ya tatu ni mali kwa mkopo. Kijana alipokwisha kujulikana uaminifu wake alipewa mizigo ya bidhaa, akaambiwa aende mahali ambapo hapana duka. Mali imeandikwa katika daftari, atailipa kadiri anavyouza. Duka lile ni lake, si la bwana wake. Hapa ndipo mgeni alipogeuka kuwa mwenyeji.

Daraja ya nne, nayo ndiyo wengi waisahau, ni soko. Mwenye duka dogo huko kijijini aliuza nguo, chumvi na majembe, na kwa wakulima alinunua ngozi, ufuta, njugu, nta na pamba. Angeyapeleka wapi hayo? Allidina aliyanunua. Hivyo deni lililipwa kwa mazao, bidhaa mpya ikaja, na gurudumu likazunguka. Mkopo usio na soko ni mzigo. Humzamisha mtu badala ya kumwinua.

Kwa njia hii mamia ya watu walipitia mikononi mwake, na wengi katika matajiri waliokuja kujulikana baadaye Kenya na Uganda walianza wakiwa wasaidizi katika maduka yake au wakichukua mali kwake kwa kukopa.

Wala msomaji asidhani kuwa mtu huyu alikuwa akigawa sadaka. Alikuwa akifanya biashara, na kila duka jipya lilimletea faida. Pengine hilo ndilo lililoifanya kazi yake idumu. Mwenye kutoa sadaka huchoka, au fedha humwishia, au humchukia mwombaji. Lakini pale ambapo aliyesaidia na aliyesaidiwa wote wawili wapata, hapana wa kuchoka, na mgeni habebi aibu ya kuwa mkono wake daima uko chini.

KUFA KWAKE NA YALIYOFUATA

Allidina Visram hakuacha kusafiri hata alipokuwa mzee mwenye mali. Alikwenda Kongo kutazama biashara zake, akapatwa na homa, na homa ile ndiyo iliyomwua. Alifariki mwaka 1916, naye ana miaka 65.

Mwanawe Abdulrasul alishika mali baada yake, na kwa kumkumbuka baba yake akatoa fedha za kujenga ile shule ya Mombasa iliyofunguliwa katika miaka ya 1920, ambayo mpaka leo yasomesha watoto wa kila kabila. Lakini biashara yenyewe haikukaa. Vita vikuu vilikuwa vimevuruga njia. Baada ya vita bei za mazao zikaanguka, na serikali ikabadili sarafu kutoka rupia kwenda florini mwaka 1920, kisha shilingi, watu wengi wakapata khasara. Mwana naye hakuishi sana. Kabla miaka ya 1920 haijaisha nyumba ile kubwa ya biashara ilikuwa imevunjika.

Hapo pana mazingatio. Jengo la mali yake lilianguka katika muda wa miaka kumi hivi. Lakini watu aliowasimamisha hawakuanguka pamoja nalo. Maduka yao yalibaki, watoto wao wakasoma, na kazi ikaendelea. Mali aliyoiweka katika watu iliishi kuliko mali aliyoiweka katika maghala.

MADUKA YA MLIMANI NA KASORO YA NJIA ILE

Miji yetu hii imekua kwa njia kama hiyo ya duka baada ya duka. Baada ya Nyeri ilikuja Embu mwaka 1906 na Meru mwaka 1908. Kabla ya reli, wauza duka wa Kihindi, Waswahili na Wasomali walikuja kwa miguu na kwa punda, wakibeba nguo, chumvi na mablanketi. Reli ya kutoka Thika ilipopanda mpaka Nanyuki mwaka 1930, maduka ya mabati yalikuwa yamekwisha kujipanga katika kila mji. Serikali iliwakataza Wahindi kumiliki mashamba katika nyanda za juu, ikawabakishia viwanja vya mjini, basi duka likawa ndilo shamba lao. Kadhalika Isiolo, askari wa Kisomali waliotumikia jeshi la Waingereza katika vita vikuu vya kwanza walipewa mahali pa kukaa, wakafuga na kufanya biashara ya mifugo na nyama.

Lakini haki yatutaka tuseme na upande wa pili. Mlango alioufungua Allidina na wenzake ulikuwa mpana kwa jamaa zao na mwembamba kwa jirani. Mwafrika alibeba mizigo dukani, alifagia, alipasua mbao, lakini ni nadra kupelekwa mpaka daraja ya tatu, ile ya kupewa mali akasimame peke yake. Kosa hili halikuwa la wauza duka peke yao. Serikali ya kikoloni ilitia sheria za kuzuia Waafrika kukopeshwa, na kwa sheria ya mwaka 1948 ilikuwa haifai kumkopesha Mwafrika zaidi ya shilingi 200 ila kwa idhini. Mkikuyu wa Nyeri au wa Karatina aliyetaka kufungua duka alilazimika kulipa fedha taslimu kwa kila gunia, na hali jirani yake Mhindi alipewa mali ya miezi mitatu kwa neno la mdomo tu. Basi huyu aliitazama rafu ya mwenziwe imejaa na yake imebaki tupu, na moyoni mwake yakaingia mambo.

Mambo hayo yalikuja kuzaa. Kenya ilipopata uhuru, sheria ya leseni za biashara ya mwaka 1967 iliwaondoa wafanya biashara wasio raia katika sehemu nyingi, na maduka mengi ya miji yetu yakabadili wenyewe. Uganda ilikuwa mbaya zaidi. Mwaka 1972 Idi Amin aliwapa Wahindi siku 90 waondoke, na wajukuu wa wale waliosimamishwa na Allidina Visram wakapanda ndege na sanduku moja moja. Uingereza ilipokea zaidi ya 27,000 kati yao, na elfu kadhaa walikwenda Kanada. Ulikuwa ni udhalimu, nasi hatuuhalalishi, kwani haijuzu kumnyang'anya mtu mali aliyoichuma kwa halali. Twaeleza tu kwamba ukuta uliojengwa kwa miaka 70 baina ya jirani na jirani ulirahisisha kazi ya dhalimu.

Na tazama walivyofanya huko walikofika. Baba alifanya kazi kiwandani, mama alishona, jamaa walikusanya fedha wakafungua duka dogo la mboga au la magazeti, mmoja akamsaidia mwingine, na katika miji kama Leicester wakasimama tena. Ile njia ya daraja nne waliibeba vichwani mwao, na Amin hakuweza kuwapokonya.

MFANO ULIO BORA KULIKO HUO

Kasoro ile ya njia ya Allidina, sisi Waislamu tunayo dawa yake, nayo ni kongwe kuliko reli. Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, alipohamia Madina na masahaba zake, wahajiri wale walikuwa wakimbizi kwa maana iliyo kamili. Mali zao zilibaki Makka. Basi Mtume alifunga udugu, kila mhajiri na mwenyeji mmoja katika Ansari. Hakuwafungamanisha kwa kabila. Aliwavusha mpaka wa kabila.

Abdurrahman bin Auf alifungwa udugu na Saad bin Rabii, naye Saad akamtolea nusu ya mali yake. Abdurrahman alimwombea baraka, kisha akamtaka amwonyeshe njia ya sokoni. Akaenda soko la Banu Qaynuqa, akauza na kununua samli na jibini, na haukupita muda mrefu akaweza kuoa, na mwisho akawa katika matajiri wakubwa wa masahaba. Katika kisa hiki watu husifu ukarimu wa Saad na kujizuia kwa Abdurrahman, na wote wawili wastahili. Lakini tusisahau kuwa palikuwa na soko lililokuwa wazi kwake, na palikuwa na mwenyeji wa kumwonyesha njia.

Ipo pia ile khabari iliyopokewa kwa Anas ya mtu wa Ansari aliyekuja kwa Mtume kuomba. Mtume alimtaka alete alivyonavyo nyumbani, navyo ni guo na bakuli. Vikauzwa kwa dirhamu mbili. Dirhamu moja ikanunua chakula cha nyumba yake, ya pili ikanunua shoka. Mtume akatia mpini kwa mkono wake, akampeleka kukata kuni na kuuza. Mtu huyu alikuwa mwenyeji, si mgeni. Yaani msaada wa namna hii ni haki ya wote wawili, mwenye kuja na aliyekuwapo.

YATUPASAYO SISI

Ndugu wasomaji, hatuwezi kuwa Allidina Visram, wala hatuna maduka 30. Lakini katika kila mji wetu wako Waislamu wenye maduka ya nguo, bucha, hoteli, gereji, magari ya mizigo, na biashara ya ng'ombe na miraa. Kwao yatosha kwa mwanzo.

La kwanza, mgeni aulizwe ajua kazi gani kabla ya kuulizwa ataka nini. Wako miongoni mwao mafundi cherehani, mafundi umeme, waokaji mikate, walimu na wakunga. Twawapa shilingi hamsini na hali mikononi mwao mna riziki.

La pili, tufuate sheria. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2021, iliyoanza kutumika mwaka 2022, yampa mkimbizi aliyetambuliwa haki ya kufanya kazi na biashara kwa masharti yake. Wengi hawalijui hili, wala waajiri hawalijui. Huogopa kumwajiri mtu mwenye cheti halali. Kadhalika mkimbizi aliyewekwa kambini Dadaab au Kakuma ahitaji ruhusa ya kutoka. Kumsaidia mtu kupata karatasi zake ni sadaka kubwa kuliko kumpa chakula cha siku moja, na kumficha bila karatasi ni kumtia yeye na sisi katika madhila.

La tatu, mwenye duka amchukue mmoja kwa muda wa kujifunza, na amlipe. Tumesikia wako wanaowatumia wageni kwa chakula tu, wakijua kuwa hawana wa kumshitakia. Huo ni udhalimu ulio wazi, na ujira wa mfanya kazi umeamrishwa ulipwe kabla jasho lake halijakauka.

La nne, akijulikana uaminifu wake apewe mali kwa mkopo usio na riba, na mkopo uandikwe mbele ya mashahidi. Mwenyezi Mungu ameliteremshia jambo la kuandika deni aya ambayo ndiyo ndefu kupita zote katika Qurani. Kuandika hakuondoi udugu, kunaulinda. Tena tumtafutie soko, kwa kununua kwake na kuwaelekeza wengine kwake.

La tano, na hili ndilo lililowapotea waliotutangulia, kila tunapomfungulia mlango mgeni mmoja tumfungulie na kijana wa hapa hapa asiye na kazi, awe Muislamu au si Muislamu. Wakae katika duka moja, wajifunze mizani moja. Vijana wa Majengo wanaokaa vibarazani tangu asubuhi mpaka magharibi nao wataka njia ya sokoni. Tukimpa mgeni tukamnyima jirani, tutakuwa twapanda mbegu ile ile iliyovunwa mwaka 1972. Tukiwapa wote wawili, jirani mwenyewe ndiye atakayekuwa mlinzi wa mgeni siku ya fitna.

Baada ya darasa la Ijumaa ijayo, kila mwenye biashara aliye tayari kumchukua mtu mmoja au wawili na aandikishe jina lake kwa mwalimu. Hatutaki michango ya fedha kwa jambo hili. Twataka nafasi katika duka, karakana au gereji.

Allidina Visram alishuka jahazini mtoto asiye na kitu, akakuta mtu wa kumpa kazi. Wageni wetu nao wameshuka katika basi hapa Nyeri, na sisi ndio waliotukuta.

Twamwomba Mwenyezi Mungu atie baraka katika mikono ya wanaofanya kazi, awarejeshee amani waliotolewa majumbani mwao, na atujaalie sisi kuwa Ansari wa zama zetu. Amin.